TAFAQQUD: NI NANI ATAKAYETUULIZIA TUSIPOONEKANA?

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Swala ya Magharibi na Isha)

 

 

Mada tuliyopewa na kamati ya da'wa ni mshikamano wa jamii na upweke wa mtu katika nchi za kidemokrasia za zama zetu. Ni mada pana. Tungeweza kuizungumza mpaka usiku wa manane kwa maneno ya jumla, tukazisema nchi za Magharibi, mkatuitikia kwa takbira, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake ameridhika. Hatutafanya hivyo. Tutachukua tukio moja tu, lililotokea Ufaransa mwaka 2003, tulitazame kwa utulivu, na baada ya hapo tugeuze uso upande wetu.

Katika nusu ya kwanza ya mwezi wa Agosti mwaka huo, Ulaya ilipigwa na joto ambalo watu wake hawakulizoea. Mjini Paris vipimo vilikaribia nyuzi 40, na hata usiku haukuleta nafuu. Sisi watu wa Pwani tunaweza kutabasamu tukisikia hivyo. Lakini wazee wengi wa mji ule huishi peke yao, baadhi yao katika vyumba vya darini chini ya paa za zinki, ambavyo jua likiviwakia siku kumi mfululizo hugeuka tanuri. Isitoshe, Agosti ndio mwezi wao wa likizo. Watoto na wajukuu walikuwa wamekwenda ufukweni, madaktari wengi walikuwa mapumzikoni, na Rais mwenyewe, Jacques Chirac, alikuwa Kanada. Joto lilipotulia, ilibainika kwamba watu wapatao 15,000 walikuwa wamefariki zaidi ya idadi ya kawaida ya majira yale. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 75 na kuendelea, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Mochwari zilijaa. Ghala la baridi katika soko kuu la vyakula la Rungis, nje kidogo ya Paris, likageuzwa kuwa mahali pa kuhifadhia maiti. Mkurugenzi Mkuu wa Afya alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Wiki zikapita, na bado zilikuwako maiti ambazo hakuna mtu aliyejitokeza kuzichukua. Tarehe 3 Septemba 2003, katika makaburi ya Thiais, serikali ilizika watu 57 wa namna hiyo. Rais alihudhuria. Hebu fikirini, ndugu zetu: mkuu wa dola yuko kaburini, mtoto hayupo, jirani hayupo.

Sasa tujiulize, je, watu hawa walikosa nini? Hawakuuawa na njaa wala vita. Nchi yao ina hospitali na pensheni. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, yaani mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani lilipolinganisha mifumo ya afya ya nchi zote, Ufaransa ndiyo iliyowekwa nafasi ya kwanza. Raia wa kule wana haki ya kupiga kura, na kura ya bibi kizee wa darini ni sawasawa na kura ya tajiri. Ofisi ya pensheni inamjua kwa namba yake, na ofisi ya kodi pia. Kote alikohitajika kuhesabiwa, alihesabiwa. Lakini alipoacha kushuka ngazi kwenda kununua mkate, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, hakuwako aliyesema, "Mbona fulani haonekani?"

Waarabu wana neno moja kwa jambo hili: *tafaqqud*. Maana yake ni kumtazamia mtu mahali pake, kumkosa, kisha kufuatilia khabari yake. Ni neno la Qur'ani. Katika Suratun-Naml tunaelezwa kwamba Nabii Sulayman (a.s.), aliyekuwa na jeshi la majini, watu na ndege, aliwakagua ndege na akauliza kwa nini hamuoni hudihudi. Mfalme asiyekuwa na mfano wake katika ufalme, na nafasi ya ndege mmoja mdogo haikumpotea machoni.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ndivyo alivyokuwa na Swahaba zake. Imekuja katika hadithi sahihi kwamba alimkosa Thabit bin Qays (r.a.), akamuuliza Saad bin Muadh (r.a.) kama Thabit ni mgonjwa. Jibu la Saad linafaa tulizingatie: alisema kuwa Thabit ni jirani yake, naye hajasikia kama anaumwa. Akaenda kumtazama. Thabit alikuwa amejifungia nyumbani kwa huzuni, akidhani Aya iliyoteremka kuhusu kunyanyua sauti mbele ya Mtume (s.a.w.) inamhusu yeye, kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa, na kwamba amali zake zimebatilika. Mtume (s.a.w.) akampelekea bishara kwamba yeye ni mtu wa Peponi. Hakuwa na ugonjwa wa mwili. Alikuwa na huzuni tu ndani ya chumba, na alifuatwa kwa sababu nafasi yake ilionekana iko wazi.

Wako wanaosema kwamba ugonjwa wa Wafaransa ni demokrasia yenyewe, kura na mabunge. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Ni magazeti yao na Bunge lao, lililounda tume ya uchunguzi, ndiyo yaliyoifanya idadi ile ijulikane na waliohusika waulizwe. Katika miji yetu, wazee wangapi wanafia vyumbani, na ni nani anayewahesabu? Tuwe waadilifu hata tunapomtaja tusiyemfuata.

Hata hivyo, ndani ya mfumo ule kuna jambo ambalo wenyewe waliliona mapema. Alexis de Tocqueville, Mfaransa aliyezuru Marekani mwaka 1831, aliandika kitabu kuhusu demokrasia ya kule, na katika juzuu lake la pili la mwaka 1840 alitahadharisha kwamba usawa wa raia, pamoja na uzuri wake, huweza kumfanya kila mtu ajione anajitosheleza, awasahau waliomtangulia na ajitenge na walio pembeni yake, mpaka mwisho afungiwe ndani ya moyo wake mwenyewe. Dawa aliyoipendekeza ni watu kuzoea kujiunga na kufanya mambo yao kwa pamoja.

Na kabla yake kwa zaidi ya karne nne, mwanachuoni wetu Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza juu ya *asabiyya*, ule mfungamano unaowafanya watu wasimame kwa ajili ya wenzao. Alisema kwamba watu wa mijini, wakishazoea raha, humwachia mtawala na askari wake kazi ya kuwalinda, wakalala usingizi nyuma ya kuta na milango, na baada ya vizazi vichache uwezo wa kujilinda wenyewe huwa umewatoka. Yeye alizungumzia ulinzi. Sisi tunaona kanuni hiyo hiyo katika huruma. Jirani akijua kuwa iko ofisi inayomtunza mzee wa ghorofa ya sita, humwachia ofisi. Na ofisi, ndugu zetu, hufungwa saa kumi jioni, na mwezi wa Agosti huenda likizo.

Hatusemi kwamba dola haina wajibu. Abu Yusuf amepokea katika Kitabul-Kharaj kwamba Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie mzee yule na wengine mfano wake, na akamwondolea jizya. Zingatieni mpangilio: mkono ulitangulia, hazina ikafuata.

Wafaransa walijitahidi. Sheria ya tarehe 30 Juni 2004 iliwataka mameya waweke daftari la wazee na walemavu wanaoishi peke yao, ili joto linapokuja wapigiwe simu na kutembelewa. Sheria hiyo hiyo iliweka siku moja ya mshikamano katika mwaka: mfanyakazi afanye kazi siku hiyo bila ujira wa ziada, na mwajiri achangie mfuko wa wazee na walemavu. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumatatu inayofuata sikukuu yao ya Pentekoste, iliyokuwa mapumziko. Ilipoanza kutekelezwa mwaka 2005 wengi walinung'unika, na wengine waligoma. Mshikamano ulioamrishwa kwa sheria ukapokewa kama kodi. Lakini daftari lile na maandalizi mengine yalileta faida. Joto kali liliporudi Julai 2006, vifo vilikuwa pungufu sana. Hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote anapoikuta ana haki nayo zaidi, nasi tutalirudia daftari hilo baadaye.

Ufaransa haiko peke yake. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, na Japani ikafuata Februari 2021. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Duniani, tumesema, wala si Ulaya peke yake.

Hapa ndipo tunapogeuza uso.

Wengi wetu tuliokulia Dar es Salaam tumelelewa katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na uani choo kimoja, bomba moja na majiko ya mkaa yaliyopangwa ukutani. Palikuwa na ugomvi wa zamu ya kufagia, hatukatai. Lakini jiko la mtu lisipowashwa jioni, watu watano walijua, na mmoja wao angegonga mlango. Leo nyumba hizo zinabomolewa. Panajengwa vyumba vyenye choo na jiko ndani, uzio juu, geti mbele. Ni maendeleo, na sisi wenyewe tunayatafuta. Hakuna anayetamani kurudi kwenye foleni ya choo cha uani. Ila ukuta unaozuia mwizi humzuia na jirani, na aliyeko ndani ya geti akianguka chooni, wa nje hasikii.

Basi utasema: sisi tuna msikiti. Mara tano kwa siku tunakutana, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Ni kweli, na hakuna jamii iliyopewa chombo cha tafaqqud bora kuliko swala ya jamaa. Lakini tuwe wakweli. Mtu uliyegusana naye mguu katika Alfajiri ya leo, unalijua jina lake? Unajua anakaa wapi?

Tulipoanza kusomesha, katika msikiti tuliokuwa nao kabla ya huu, alikuwako mzee aliyekuwa akijaza maji katika birika la udhu kila siku kabla ya Alfajiri. Sote tulimwita Mzee wa Birika. Siku moja birika lilikuwa tupu. Tukalalamika. Siku ya pili kamati ikamwajiri kijana wa kujaza maji, na lalamiko likaisha. Zilipita siku kumi na moja ndipo mmoja wetu alipouliza mzee mwenyewe yuko wapi. Hapo ikadhihirika kwamba hakuna aliyelijua jina lake, wala nyumba yake. Mtoto mmoja wa madrasa ndiye aliyetuongoza, kwa kuwa alizoea kumwona akinunua vitumbua kwa mama mmoja, Mkristo, mtaa wa nyuma. Tulimkuta mzee amelala chini, mguu umevimba hawezi kuukanyagia. Yule mama wa vitumbua alikuwa akimletea uji asubuhi na jioni kwa siku zote zile.

Alhamdulillah, alipelekwa hospitali akapona. Lakini yule mama alitwambia neno ambalo halijatutoka. Alisema alimuuliza mzee, "Wenzako wa msikitini mbona hawaji?" Naye akamjibu kwamba huenda tumesafiri kwa ajili ya ijitimai. Hatukuwa na ijitimai yoyote. Mzee alikuwa akitutafutia udhuru mbele ya watu.

Mnaijua khabari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Wapo wapokezi wanaosema alikuwa mwanamume. Alifariki usiku, wakamzika bila ya kumjulisha Mtume (s.a.w.), kana kwamba jambo lake ni dogo. Alipomkosa akaulizia, na alipoambiwa amekwishafariki, aliwauliza kwa nini hawakumwambia, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo. Hadithi hii tulikuwa tukiisomesha. Tuliisomesha katika mlango wa hukumu ya kumswalia maiti kaburini, tukataja kauli za wanazuoni, na birika letu lilikuwa hatua ishirini kutoka tulipokaa.

Yapo mawili tunayopenda kuyasema kuhusu sisi tuliobeba bendera ya kurekebisha, na tunajua kuna watakaokunja uso.

La kwanza ni msiba. Tumewakataza watu kukaa wakila kwa mfiwa mpaka siku ya saba na ya arobaini, pengine kwa mali ya mayatima, na dalili tunazo. Hatujuti. Lakini hebu tuitazame sunna kwa ukamilifu wake. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Sunna hii ina pande mbili: mfiwa asiwapikie watu, na watu wampikie mfiwa. Sisi tumesimama imara katika upande wa kwanza. Upande wa pili, ni sufuria ngapi zilizotoka nyumba za watu wa sunna kwenda kwa mjane mwaka huu? Tumeiondoa mikusanyiko, na mahali pake tumeweka ukimya. Ndugu zetu tunaowakosoa angalau wanajua ni nani aliyefiwa na ana watoto wangapi. Ikiwa matokeo ya kurekebisha ni mjane kukaa peke yake usiku wa tatu akitazama ukuta, basi tumerekebisha nusu na kuharibu nusu, na lawama isiende kwa sunna, ije kwetu.

La pili ni misikiti yenyewe. Mtu anatoka nyumbani Alfajiri, anaupita msikiti wa mtaani kwake kwa kuwa imamu anasoma qunut, anaupita wa pili kwa kuwa wanasoma maulidi, anapanda pikipiki kwenda wa tatu, wa watu wake. Huko wanamjua kwa msimamo wake, mtaa wake hawaujui. Na msikiti wa mtaani, ambao ungejua kuwa mlango wake haukufunguliwa leo, hauna habari kwamba yeye ni wao. Akiugua, wa mbali hudhani amesafiri, na wa karibu hawamtarajii. Maimamu waliotofautiana katika qunut hawakuacha kuswali nyuma ya wenzao. Sisi wanafunzi wa wanafunzi wao ndio tumepata ushujaa huo.

Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa ametuusia jirani wa karibu na jirani wa mbali, akawataja kwa ujirani wao. Wengi katika wafasiri wamesema wa mbali huyo ni yule ambaye si jamaa yako, na wako waliosema hata asiyekuwa wa dini yako. Na Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume (s.a.w.) akipika mchuzi aongeze maji, awaangalie majirani. Maji, jamaa. Hakuusiwa kuongeza nyama.

Sasa daftari. Tumelichukua wazo la wale mameya wa Ufaransa na kulipunguza lienee msikitini. Ni daftari la kawaida la kurasa 200. Mwenye kutaka ataandika jina lake kamili, nyumba anayokaa, mtu wa kupigiwa simu, na swala ambazo kwa kawaida huswali hapa. Asiyetaka asilazimishwe, maana baina ya kumuulizia mtu na kumpeleleza pana mpaka, na Suratul-Hujurat imeukataza upelelezi. Anayekosekana siku tatu bila taarifa atatembelewa na watu wawili, wanaume kwa wanaume na akina mama kwa akina mama. Mkimkuta mzima amelala, msimhutubie juu ya fadhila za jamaa. Msalimieni mwondoke. Na anayeswali hapa naye anakaa mtaa mwingine, tunamwomba aandike pia jina la msikiti wa mtaani kwake, na walau Isha moja kwa wiki akaswali huko, ili wamjue.

Akina mama wameomba nao wawe na daftari lao kwa ajili ya chakula cha wafiwa, zamu ya nyumba tatu tatu kwa siku tatu. Tumelipokea ombi hilo, na limeanza kufanyiwa kazi.

Daftari liko kwa muadhini, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye nguzo ya kulia. Mpaka jana lilikuwa na majina 37. Ijumaa iliyopita swafu zilifika mpaka barazani.

Wabillahit-tawfiq. Adhana imekaribia.